Nilipokuwa Mlinzi wa Ukurasa wa Hajji

Kibanda changu pale Bwera, mji wa Uganda ulio mpakani na Kongo, kilikuwa na mlango mmoja na kazi nne: kuchaji simu, kutia nyimbo kwenye memori kadi, kuchapa picha za kitambulisho, na kuota ndoto. Hiyo ya nne ndiyo niliyoifanya kwa bidii zaidi. Shule niliachia S.2, kidato cha pili, karo iliposhindikana nyumbani, lakini ndoto hazina karo. Nilitaka kuwa mtangazaji wa redio. Wateja wakipungua, nilichukua katoni tupu ya sabuni nikasoma maandishi yake kwa sauti nzito, kama ni habari ya saa moja.

Jirani yangu wa kushoto alikuwa mama mmoja muuza samaki. Meza yake ilikaribia kugusana na ukuta wa kibanda changu, hata nikiegemea nilisikia harufu ya chumvi. Aliuza ngege, yaani perege, waliotiwa chumvi huko Hamukungu, kijiji cha wavuvi kilicho ndani ya mbuga ya wanyama, na karibu wateja wake wote walikuwa akina mama wanaovuka daraja la mpakani kutoka Kongo na beseni kichwani. Yeye ni Mkonzo wa milimani, mjane, ila kwa kukaa na wateja hao Kiswahili chake kilikuwa kimeshavuka daraja zamani.

Nikimaliza kusoma katoni yangu alinijibu, "Aksanti mutangazaji. Sasa utangaze na mutu akuje kununua."

Meza ile aliingoja miaka mingi. Alianzia chini, akitandaza gunia nyuma ya soko penye matope, mpaka akapewa nafasi karibu na lango, mahali ambapo anayetoka darajani anakuona wewe kwanza. Sheria ya soko letu inajulikana: meza ikikaa siku kadhaa za soko bila bidhaa, msimamizi anampa mwingine. Hakuna kesi wala machozi. Wanaongoja ni wengi.

Mimi pamoja na kibanda nilikuwa na cheo kingine, na nilikionea fahari sana. Nilikuwa mlinzi wa ukurasa wa Hajji.

Hajji anakaa Kasese mjini, upande wa Bulembia. Ana malori. Yanabeba saruji na mabati kuja kwetu, yanabeba kahawa na maharage kwenda huko, na kila wiki lori moja linaingia Hamukungu, linapakia samaki, linapita Kikorongo na kuja kushusha Bwera. Ukurasa wake mtandaoni ulianza kama ubao wa matangazo ya malori hayo: lori linaondoka lini, nafasi ipo au haipo. Baadaye watu wakaanza kuuliza mambo mengine. Mbuzi amepotea. Fulani amefariki, mazishi kesho. Harusi. Ugomvi wa mashamba. Mwisho wake mji mzima ukahamia humo, kutoka Kasese mpaka mpakani, na Hajji akahitaji mtu wa Bwera wa kusoma kila kinachotumwa kabla hakijatoka.

Alinichagua mimi. "Wewe una moyo laini," aliniambia. "Hutatukana mtu." Malipo yalikuwa bando la intaneti, nami nilijiona mhariri wa gazeti.

Masharti alinifundisha akiwa amesimama, funguo za lori mkononi. Matusi, futa. Maiti, futa. Siasa, niulize kwanza. Na wanaolipia tangazo, usiwaguse.

Hilo la mwisho sikulifikiria mpaka siku ya magodoro. Mwanamke mmoja wa Kasese aliandika kwamba godoro alilonunua kwenye duka fulani limelala kabla yeye hajalala. Alipiga na picha. Kweli lilikuwa kama chapati. Nilicheka, nikaliachia lalamiko lake litoke. Chai yangu haijapoa, nikaona halipo. Duka hilo lilikuwa linalipia tangazo kila mwezi. Nikamwambia yule mama muuza samaki, akatikisa kichwa.

"Nyumba ni ya nani?"

"Ya Hajji."

"Basi mwenye nyumba amefunga mulango. Unashangaa nini?"

Sikushangaa sana. Hajji si mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Malori yake yamewahi kubeba wagonjwa wasiohesabika, na majeneza pia, bila senti. Nikiumwa alinitumia dawa kwa dereva. Lakini ilifika siku wenye mtandao wenyewe, hao walioko ng'ambo ya bahari, wakaanza kumlipa kwa kadiri watu wanavyoangalia video zake. Siku hiyo alinipigia akicheka kama bwana harusi. Tangu hapo salamu yake ikabadilika. Zamani aliniuliza, "Habari ya Bwera?" Sasa alianza na, "Leo watu wako wangapi?"

Basi ikaja mvua ile ya masika, mvua isiyojua kunyamaza. Samaki wa chumvi wakipata unyevu wanalegea, kwa hiyo mama yule alikuwa akiwaongezea chumvi palepale mezani. Chumvi ya Ziwa Katwe ikisagwa inapanda puani, inachoma, kwa hiyo alijifunga kitambaa usoni. Maji ya chumvi aliyaweka kwenye jerikeni yenye bomba dogo chini, akifungua kidogo kidogo juu ya samaki. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi. Mtu mmoja, sijui nani mpaka leo, alimpiga video akiwa hivyo na kuituma kwenye ukurasa wa Hajji na maneno haya: Tazameni dawa ya maiti inavyotiwa kwenye samaki soko la Bwera.

Mtu wa Mbarara au wa Kampala angeiona video hiyo akaona mama anatia chumvi. Sisi wa mpakani tuna macho mengine. Miaka ile ya Ebola jerikeni za namna hiyo zilisimama kila mlango, kanisani, msikitini, darajani, na maji ya dawa yenye harufu kali. Waliokuja kunyunyizia nyumba za marehemu walikuwa wamefunika pua. Ugonjwa ulipoisha jerikeni zikabaki, tukaziosha, tukazitumia, kwa sababu nani atatupa jerikeni nzima? Lakini macho hayakuoshwa. Mtu wa Bwera akiona bomba lile pamoja na uso uliofunikwa, anaona mazishi.

Nilikuta video hiyo inaningoja kwenye foleni yangu asubuhi. Niliikataa, nikaandika sababu: ni chumvi, namjua mama huyu, ni jirani yangu. Nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi ilikuwa imetoka, na komenti zinaanguka kama mvua juu ya bati.

Nikampigia Hajji.

"Asalaam aleikum, Hajji. Ile video nilikuwa nimeikataa."

"Waaleikum salaam. Niliona. Lakini mtoto, unaiona inavyokimbia?"

"Hajji, ni uongo. Ni chumvi."

"Na mimi sikusema ni dawa. Kwani mimi nimesema? Watu ndiyo wanasema. Wewe weka swali juu yake: Je, ni kweli? Tukiuliza si dhambi."

Niliweka swali, kwa kudhani litawapoza watu. Kumbe swali ni kuni. Ambaye hakuwa na la kusema sasa alikuwa ameulizwa. Mmoja akaandika kwamba shemeji yake alikula akaharisha. Mwingine akaandika kwamba mama huyo ni mchawi, maana mjane anapataje meza karibu na lango. Lile la mchawi nililifuta, ni matusi. Na hata hilo lilirudi kwa mikono ya watu wengine, limenenepa.

Siku ya soko iliyofuata akina mama wa ng'ambo ya daraja walikuja kama kawaida, lakini walisimama mbali kidogo na meza, beseni tupu vichwani, wakisukumana kwa viwiko.

"Mama, tunasikia ile samaki iko na dawa."

"Dawa gani? Ni chumvi. Kujeni muonje."

"Onja weye kwanza!"

Akaonja. Kwetu muuzaji wa chakula akiambiwa aonje, haoni haya; ndiyo kiapo chetu cha sokoni. Alikata kipande kikavu, akatafuna mbele yao, chumvi ikamkunja uso. Wawili wakacheka. Mmoja akasema, "Mwenye sumu anajua pa kuuma," wakaenda zao meza ya ndani. Jioni alifunika samaki wake wote kama alivyowafunua asubuhi.

Nilijaribu njia niliyoijua. Mtandao una mahali pa kubonyeza ili kuwalalamikia wenyewe. Nikabonyeza, nikaandika kwa Kiswahili changu chote kizuri. Jibu lilirudi kabla sijaweka simu chini: Tumeitazama video hii. Haivunji kanuni zetu.

Nikamsomea mama.

"Nani ameitazama?"

"Sijui. Labda mashine."

"Hiyo mashine inajua Lhukonzo? Yale maneno batu wanaandika chini, imesoma?"

Komenti mbaya kuliko zote zilikuwa za Lhukonzo. Nikawaza, huko kwa wenye mtandao kumweka mtu mmoja anayejua lugha yetu, akae asome ugomvi wa Bwera, ni mshahara. Na sisi tunawaletea faida gani? Godoro moja la Kasese. Sikumwambia hilo. Nilimpa kiti.

Meza ikaendelea kukaa. Samaki wa zamani aliwagawa, wengine wakaharibika, wapya hakuagiza. Msimamizi wa soko alipita, akatazama mbao tupu, akasema kwa upole, "Mama, sheria unaijua." Alikuwa amebakiza muda mfupi.

Nikaamua kwenda Kasese nimwone Hajji uso kwa uso, maana mambo mengine simu inayakausha. Nilimkuta stoo, juu ya magunia ya kahawa, anakula karanga. Akanifurahia kweli, akanisogezea karanga.

"Mtangazaji wangu! Karibu. Umekula?"

"Nimekula Hajji. Nimekuja kumwombea jirani yangu. Meza yake inachukuliwa."

Akaacha kutafuna. "Inachukuliwa?"

"Hauzi. Watu wanaogopa."

Akatoa simu, akanionyesha. Chini ya video, tangazo la magodoro. Pembeni, namba zinazopanda. "Tazama. Hii ndiyo imelipa tairi la lori lile pale. Nikiifuta, wenye mtandao wanapunguza. Wanasema ukurasa umelala. Unadhani mimi niko na raha? Hata mimi niko na bosi, tena bosi wangu sijawahi kumwona uso. Wewe angalau unakula karanga zangu."

Nilicheka, sikutaka, lakini nilicheka. Halafu nikakaza.

"Hajji, lile la magodoro ulilifuta mara moja."

"Yule alikuwa anaharibu biashara ya mtu."

Tulitazamana. Nadhani na yeye alisikia maneno yake yalivyoanguka, maana aliokota ganda la karanga na kuligeuzageuza muda mrefu.

"Fanya hivi," akasema mwishowe. "Mpige video yake ya kujitetea. Aonyeshe chumvi. Nitaipandisha mimi mwenyewe, wallahi."

Nilirudi Bwera na moyo mwepesi. Tukapiga video nzuri, nikatangaza mimi kwa sauti ile ya habari. Mama akaonyesha chumvi ya Katwe bado mabonge, akaisaga, akapiga chafya, akaonyesha kwa nini anafunga pua. Akachoma ngege mmoja akala na mihogo. Hajji alitimiza ahadi, akaipandisha siku hiyohiyo.

Haikwenda. Ilikaa pale kama mgeni asiyeitwa kwenye chakula. Shangazi yangu aliipenda, na dereva mmoja, na mtu aliyeuliza mihogo ni bei gani. Nilipomuuliza Hajji, akaona aibu kunijibu. "Wenye mtandao wanasema tukilipia kidogo wataisukuma mbele ya watu. Mwambie mama achange, na mimi nachanga."

Nikamfikishia mama. Alikuwa anafagia chini ya meza tupu. Akasimamisha ufagio.

"Uongo ilipanda lori bure," akasema. "Sasa kweli ndiyo inaombwa nauli?"

Akacheka sana, cheko la kukata tamaa, mimi nikageuza uso nijifanye natafuta chaja.

Kesho yake alikwenda Hamukungu. Hakwenda kushtaki. Alikwenda kuwaaga akina mama wanaotia samaki chumvi huko, kuwaambia wasimwekee mzigo tena, maana mtu mwenye adabu haachi watu wamngoje bure. Nilimsindikiza kwa sababu alikuwa na hali ya kunyamaza ambayo sikuizoea.

Akina mama wa Hamukungu wana utaratibu wao. Chumvi haichukuliwi mmoja mmoja. Wanachanga, wanaagiza Katwe kwa pamoja, wanaihifadhi kwenye chumba kimoja, na kila mmoja anachota humo. Wakigombana, wanasuluhishwa upesi, maana chumvi haigawanyiki. Mama alipowaeleza, mkubwa wao, mwanamke mpana mwenye kitenge cha njano, akaomba aione hiyo video. Nikamshikia simu. Akaitazama, akairudisha nyuma, akaitazama tena. Kisha akawaita wenzake kwa sauti ambayo nadhani viboko waliisikia.

"Hebu njoni! Hizi samaki ni za nani?"

"Zetu," wakasema. "Tazama zilivyopasuliwa mgongoni. Ni zetu."

"Na hii chumvi?"

"Yetu."

"Basi mwenye dawa ya maiti ni nani? Siyo huyu peke yake. Ni sisi wote. Na ukurasa ni wa nani?"

Wakanitazama mimi. Nikasema ni wa Hajji, mwenye lori.

Halafu mmoja akaanza kucheka, na cheko likapita kati yao kama upepo kwenye matete. Lori la Hajji lilitarajiwa wiki hiyohiyo.

Lilipofika, dereva alikuta makapu yamefungwa vizuri, yamepangwa kivulini, na akina mama wamekaa juu yake. Dereva mwenyewe alinisimulia, kwa kulia na kucheka.

"Nikawaambia, mama zangu, tupakie, mbuga inafungwa. Wakasema, dereva, sisi hatupakii. Nikasema kwa nini? Wakasema, tajiri wako ametangaza hii ni mizigo ya maiti. Gari la saruji libebe maiti? Aibu. Tumeita pikapu ya mtu mwingine."

Lori lilirudi Kasese tupu, likipiga kelele za chuma kwenye kila shimo. Nami siku hiyo, katikati ya mchana, nilipata simu. Hakuuliza watu wako wangapi.

"Mtoto, ile video ifute."

"Ile ya chumvi?"

"Ifute. Nimefikiri. Si vizuri, jina la mama wa watu. Na lile swali, futa. Na waliocomenti wabaya wafungie. Na andika kwamba ukurasa unaomba radhi."

"Ndiyo Hajji."

Kisha akasema polepole, "Waambie wa Hamukungu umeifuta."

Niliifuta. Kidole kimoja, mara moja, ikaondoka. Nilikuwa nimeomba ifutwe siku zote zile kwa ukweli, kwa huruma, kwa jirani, kwa mashine ya ng'ambo, na ikaondoka kwa sababu ya lori tupu. Nilifurahi, sitadanganya, niliruka nikagonga kichwa kwenye bati. Lakini baada ya kuruka nilikaa kidogo na simu mkononi. Nilikuwa nimedhani mimi ni mhariri. Nilikuwa bawabu tu, wa mlango ambao mwenyewe anaufungua na kuufunga kwa hesabu zake, na juu yake kuna mwenye mlango mkubwa zaidi, na huyo hesabu zake hata Hajji hazijui.

Nilimwambia Hajji atafute mlinzi mwingine. Sikumwambia kwa hasira. Alisikitika, akasema, "Nilikuambia wewe una moyo laini," akanitumia bando la mwisho ambalo sikuwa nimelifanyia kazi. Mpaka sasa tukionana tunasalimiana vizuri, na samaki wa Hamukungu wanapanda lori lake tena.

Video ile bado imo kwenye simu za watu. Kilichofutwa nyumbani kwa mtu mmoja hakifutiki mji mzima. Lakini siku ya soko iliyofuata meza ilikuwa na samaki, waliletwa na pikapu ile, na akina mama watatu wa Hamukungu walikuja nao, wakakaa kwenye benchi langu bila kuniomba ruhusa, miguu wameinyoosha, macho kwa kila mpita njia. Msimamizi wa soko alipita, akawasalimu, akanunua wawili.

Wale wa ng'ambo ya daraja walikuja mchana. Walisimama tena mbali kidogo. Mmoja, mwembamba, aliyefunga mtoto mgongoni, akajitenga na wenzake, akaja mpaka mezani.

"Mama, ile samaki ya video iko?"

Mama akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Iko."

"Ile ile yenyewe?"

"Ile ile. Na chumvi yake."

"Basi nipe. Ile ingine ya meza ya ndani ilioza siku mbili tu. Bwana yangu amenitukana." Akashusha beseni. "Lakini unipunguzie. Sasa weye ni mutu wa mitandao, uko na makuta, pesa mingi."

"Ah! Mutu akijulikana bei inapanda, haishuki!"

Wale wa kwenye benchi wakapasuka kwa kicheko. Yule mwembamba naye akacheka, mtoto mgongoni akaamka akaanza kulia, na bado wakavutana bei, huyu anarudisha samaki mezani, yule anamrudisha kwenye beseni, mpaka beseni likajaa. Nikamsaidia kulipandisha kichwani. Akageukia wenzake waliosimama kule penye lango, mkono mmoja umeshika beseni, mwingine unampapasa mtoto, akawaitia:

"Munangoja nini? Kujeni, inaisha!"